Fundi Magodoro na Bei ya Shahada

Mteja akifika barazani kwa Fundi na kuuliza bei ya godoro, Fundi hakumjibu. Alichukua wembe, akafumua mshono wa pembeni wa godoro lililokwisha kushonwa, akatia mkono ndani mpaka kiwikoni, akatoa konzi ya sufi.

"Shika," alisema. "Puliza. Nusa."

Mteja akishashika, akapuliza na kunusa, ndipo Fundi alipotaja bei, na bei hiyo haikushuka hata senti kumi. Kisha alikaa chini kuushona upya mshono alioufumua. Kazi hiyo ya kushona mara mbili hakumtoza mtu.

Nilipanga chumba katika nyumba yake ya Gerezani kwa miaka tisa. Nilikuwa karani mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, msichana wa Kikristo kutoka Kilimanjaro katika nyumba ya Waislamu wa kusini, na sikumbuki siku niliyofanywa mgeni. Kila mtu alimwita Fundi. Mkewe alimwita Fundi. Balozi wa nyumba kumi alipoandika orodha ya sukari, aliandika "Fundi Magodoro", na sukari ikatoka. Habari za kuzaliwa kwake hatukuzipata. Ukimwuliza alisema hizo ni habari za mama yake, yeye siku ile alikuwa bado hana akili.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na sufi ilimng'ang'ania kwenye nyusi na kope. Tangu nilipomjua alionekana mzee, kwa hiyo alipozeeka kweli hatukung'amua.

Alikuwa bahili. Alitembea kwa miguu kutoka Gerezani mpaka Mchikichini na kurudi, jua la saa saba, ili nauli ibaki mfukoni. Kiberiti kikibaki njiti tatu alijua ni tatu. Lakini mwanamke yeyote wa mtaa wetu akijifungua, siku ya pili au ya tatu alipelekewa kigodoro cha mtoto, laini, chenye sufi safi iliyochambuliwa kwa mkono. Ukitaka kumlipa alikasirika. Nilimwuliza Mama Zuhura, mkewe, inakuwaje mtu anayehesabu njiti za kiberiti anagawa magodoro bure. Akacheka.

"Fundi anahesabu ili ajue," alisema. "Akishajua, anafanya atakavyo."

Kusoma alikuwa amejifunzia ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, na aliandika herufi kubwa kama za bango. Kimombo hakukijua. Barua yoyote ya Kimombo ikija, aliniletea mimi, anasimama mlangoni pa chumba changu na haingii hata nikimkaribisha vipi.

"Mwanangu, nisomee kama ilivyoandikwa. Usinipunguzie makali."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika habari ya Zuhura.

Zuhura alikuwa binti yake wa pekee, naye alifika kidato cha sita. Alifaulu, ila hakufaulu vya kutosha kupata nafasi Chuo Kikuu. Chuo kilikuwa kimoja nchi nzima, na nafasi zake zilihesabika. Siku majina yalipotoka alirudi nyumbani, akavua viatu, akaenda uani kupepeta mchele. Mchele wenyewe ulikuwa umekwisha kupepetwa asubuhi.

Baada ya wiki mbili akaja Wakala. Alikuwa na chumba cha ofisi ghorofani Kariakoo, suti ya rangi ya kahawia, na kazi yake ilikuwa kuwatafutia vijana nafasi katika vyuo vya kulipia huko India. Alisema Zuhura anafaa kabisa kusomea famasia. Miaka minne tu, angerudi na shahada. Angekuwa mtu mkubwa. Alitaja ada ya chuo, malazi, tiketi ya ndege, na malipo yake mwenyewe, akataka theluthi ilipwe kabla mwezi haujaisha.

Zuhura alimtazama baba yake. Sote uani tulimtazama.

"Nimesikia," Fundi alisema. "Nipe muda nifumue."

Wakala hakuelewa. Sisi tulielewa, na Zuhura alielewa kuliko sote, kwa sababu alifunga macho.

Fundi alikuwa na kiwanja Temeke. Alikuwa amekwisha kuchimba msingi, amenunua matofali kidogo kidogo kwa miaka kumi na moja, na nia yake ilikuwa kujenga nyumba ya vyumba sita vya kupangisha, ili mikono ikichoka kushona, kodi imlishe. Hapakuwa na kitu kingine cha kuuza. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili: kiwanja au shahada.

Rafiki yake mkubwa, Mangi, mwenye duka la kona, hakuona cha kufikiria. Alikuja jioni, akakaa kwenye gunia la sufi, akasema, "Fundi, nyumba haifeli mtihani. Nyumba haiolewi ikaenda kwa watu. Nyumba haihamishwi Sumbawanga."

"Kweli," Fundi akasema.

"Basi jenga."

"Sijamaliza kuuliza."

Alinunua daftari la shule. Alikaa miezi minne akiuliza, na sijawahi kuona mtu akiuliza namna ile. Aliwaendea wateja wake wote waliokuwa na shahada, mmoja mmoja. Aliingia kwa kisingizio cha kutazama kama godoro limelala likawa bapa, na kabla ya chai kupoa alikwisha kutoa maswali yake. Ulisoma wapi? Alilipa nani? Ulipoanza kazi walikupa nini? Na yule mwenzako mliyemaliza naye kidato cha sita, akaenda moja kwa moja kazini, siku ile wewe unaanza yeye alikuwa anapata nini?

Swali hilo la mwisho ndilo lililowaudhi. Afisa mmoja mwenye gari la ofisi alimfukuza kwake. Fundi alirudi kesho yake na sindano yake ndefu, akamshonea kona ya godoro iliyofumuka, bure. Afisa akaona haya, akamjibu.

"Mwenzake alikuwa amemzidi," Fundi alinisomea kutoka daftarini. "Alikwisha kupandishwa cheo mara mbili. Huyu mwenye shahada alimpata mwaka wa tano, akampita mwaka wa sita."

Nilimwambia mishahara ya serikali sasa imesogezwa karibu karibu, wakubwa wamepunguzwa, wadogo wameongezwa. Huo ndio Ujamaa. Mwenye shahada hakuwa mbali sana na karani mkuu.

"Naona," alisema. "Ni vizuri kwa nchi. Kwa daftari hili ni vibaya."

Jambo jingine lililomsumbua ni la Zuhura mwenyewe. Alikuwa amepewa kazi ya ukarani katika shirika moja la umma, mshahara wa kuanzia si haba, na walimtaka mwezi uleule. Mangi alisema hiyo ni bahati, haina gharama. Fundi akaitazama kwa upande wa pili.

"Akienda kusoma, mshahara huu wa miaka minne hataupata. Nao ni gharama. Hakuna atakayeniandikia risiti yake, lakini nitakuwa nimeulipa."

Aliuandika katika mstari wake, kwa herufi kubwa. Mimi niliyekuwa nikipiga chapa taarifa za wachumi kila siku nilikuwa sijawahi kulisikia jambo hilo likisemwa waziwazi namna ile.

Zuhura alikuwa amekasirika. Alimsalimia baba yake asubuhi, "Shikamoo Baba," akaitikiwa "Marahaba," na mazungumzo ya siku yakaishia hapo. Alijua tarehe ya Wakala imepita. Alijua wenzake wawili wamekwisha kulipa. Siku moja alinijia chumbani, akakaa kitandani kwangu.

"Dada, Baba hataki. Anatafuta sababu."

"Angekuwa hataki angesema hataki."

"Basi anangoja nini?"

Jibu lilikuja juma lililofuata, kutoka kwa kijana mmoja aliyefanya kazi katika bohari ya vipuri palepale Gerezani. Fundi alisikia kwamba kijana huyo alisoma katika chuo kilekile cha Wakala. Alimkuta anahesabu beringi ndani ya sanduku.

"Shahada unayo?" Fundi akamwuliza.

"Ninayo, Mzee. Iko ukutani nyumbani, kwenye fremu."

"Na kazi yake?"

Kijana akaendelea kuhesabu kidogo, kisha akaacha. Alimweleza kwamba aliporudi, wizarani waliitazama karatasi yake wakasema chuo hicho hawakitambui. Baba yake aliuza ng'ombe na shamba la korosho. Baba mwenyewe alikwisha kufa, hakuwahi kuambiwa. Alikuwa akidhani mwanawe ni mkaguzi wa hesabu.

Fundi hakurudi nyumbani. Alikuja ofisini kwetu, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akasimama kwenye ngazi na sufi yake kwenye nyusi mpaka saa ya chakula nilipotoka.

"Twende kwa Wakala," alisema. "Nataka mtu anayesoma Kimombo awe karibu."

Wakala alitupokea kwa furaha, akadhani fedha zimefika. Alitoa albamu. Ilikuwa na picha za vijana uwanja wa ndege, wamevaa makoti, mizigo miguuni, mama zao wanalia. Kila ukurasa alitaja jina na mji wa chuo. Fundi alitazama mpaka mwisho, kisha akaifunga albamu taratibu.

"Hawa wanaondoka," alisema. "Nionyeshe waliorudi."

"Waliorudi wako makazini, Mzee."

"Nitajie wawili. Nitaenda kwa miguu."

Wakala akanigeukia mimi, akasema kwa Kimombo kwamba mzee huyu haelewi mambo ya elimu ya juu. Nilikumbuka kwamba nisipunguze makali, nikatafsiri kama ilivyo. Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Ni kweli sielewi. Ndiyo maana nauliza. Wewe unayeelewa, mbona ukiulizwa hujibu?"

Tukatoka. Kwenye ngazi alisimama ghafla, akashika ukuta. Nilidhani ni hasira. "Theluthi moja nilikuwa nayo tayari, akiba ya saruji," aliniambia. "Wiki ile ya kwanza. Nilikuwa nayo mfukoni nilipopanda ngazi hizi, nikaona niulize kwanza." Ndipo nilipojua kwamba wiki ile ya kwanza naye alitaka kulipa, kama Zuhura alivyotaka, na kwamba ile miezi minne alikuwa anapambana na mkono wake mwenyewe.

Nikadhani mambo yamekwisha. Mangi naye alidhani hivyo, akaanza kuuliza bei ya saruji kwa niaba ya rafiki yake. Lakini Fundi aliniomba nimwandikie barua wizarani kuuliza ni vyuo gani vya famasia vinatambuliwa. Hawakujibu. Tukaandika ya pili. Baada ya ya tatu alikwenda mwenyewe, akakaa kwenye benchi siku mbili, akarudi na orodha iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya bahasha kuukuu. Tukaviandikia vyuo hivyo. Kimoja kikamkubali Zuhura. Ada yake ilizidi ile ya Wakala.

Sasa daftari lilikuwa limekamilika. Jumapili moja, saa kumi alasiri, Fundi alituita uani: Mama Zuhura, Zuhura, mimi, na Mangi ambaye huwezi kumwacha nje ya jambo. Akasoma. Gharama ya miaka minne, kila kitu ndani. Mshahara wa karani, mshahara wa mfamasia wa serikali, tofauti yake kwa mwaka. Halafu akasema fedha ile ingerudi baada ya miaka kumi na tisa, kama Zuhura hataugua, hatazaa mapema, na bei ya vitu haitapanda.

"Kiwanja kikijengwa," akamalizia, "kinarudisha kwa miaka saba."

Mangi akapiga makofi mara moja. "Basi. Hesabu imesema."

Zuhura alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Hakuinua kichwa.

"Baba, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Umeandika nitalipwa nini. Nitafanya nini, umeandika wapi?"

Fundi akageuza ukurasa, akageuza mwingine. Nilimwona anatafuta kweli, kama mtu anayeamini huenda aliandika akasahau. Kisha akafunga daftari, akaingia ndani. Mama Zuhura akamwambia bintiye, kwa sauti ya chini, "Umemjibu baba yako vibaya." Zuhura akaendelea kusugua ile sufuria, na machozi yakawa yanadondoka kwenye majivu.

Siku ya Jumatano Fundi aliuza kiwanja, pamoja na msingi na matofali. Jioni hiyohiyo nilimsikia akigombana na mchukuzi wa mkokoteni juu ya senti hamsini, sauti yake inasikika mpaka reli. Nilipotoka kuwapatanisha nilimwuliza kwa nini basi alihesabu miezi yote ile, kama mwisho angefanya kinyume cha hesabu.

"Nilihesabu ili nijue ninapoteza nini," alisema. "Sikuhesabu ili nikimbie." Akamgeukia mchukuzi. "Na wewe, nusu shilingi yako hii hapa. Lakini ujue umeniibia."

Bado palikuwa na kibali cha fedha za kigeni. Nchi ilikuwa na upungufu, na kila anayetaka kutuma fedha nje alipaswa kueleza kwa nini. Alikwenda benki mara kumi na moja. Mara fulani Balozi wa nyumba kumi alimwuliza mbele za watu, fundi wa kushona magodoro anapata wapi fedha za kupeleka mtoto ng'ambo, au ameanza unyonyaji? Fundi alikwenda ndani, akaleta hati ya mauziano ya kiwanja, akamkabidhi.

"Soma kwa sauti, Ndugu Balozi. Wasikie wote."

Balozi alisoma. Akairudisha kwa mikono miwili, na safari ya kumi na moja alimsindikiza mwenyewe. Kibali kikatoka.

Zuhura alipoondoka Fundi hakwenda uwanja wa ndege. Alisema ana kazi. Kweli alikuwa na kazi: siku nzima alishona godoro moja, akalifumua, akalishona tena.

Miaka ile minne ilikuwa migumu kwake. Magodoro ya sponji yalianza kuingia Kariakoo, mepesi, ya rangi, na watu wakayapenda. Kitambaa kikawa cha foleni. Magunia ya sufi yakachelewa, mara nyingine hayakuja kabisa. Fundi akaanza kufumua magodoro makuukuu ya watu, kuyaanika juani na kuyajaza upya kwa malipo kidogo. Barua zake kwa Zuhura zilipita mikononi mwangu, maana alipenda zipigwe chapa. Alisema mwandiko wake ungemtia binti aibu. Katika kila barua niliandika kwamba kazi ni nyingi, afya ni njema. Nilimkumbusha kuhusu kupunguza makali.

"Hayo ni ya kuambiwa," alisema. "Haya ni ya kuambia. Piga chapa."

Zuhura alirudi na shahada, wizara ikaitambua, serikali ikampeleka hospitali ya mkoa, kusini, mbali. Kila mwezi alimtumia baba yake fedha. Mshahara ulikuwa uleule ulioandikwa daftarini, lakini bei za vitu zilikuwa zimeruka kama alivyohofu. Mangi alijenga nyumba yake Temeke, vyumba vinane. Hakuwahi kumsimanga. Alimletea mchele sikukuu zote, na hilo lilimuumiza Fundi kuliko masimango.

Mimi niliolewa nikahamia Ilala, na nyumba ile nikawa naipitia mara mojamoja, kisha kwa mwaka mara moja, kisha nikaacha.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa hospitalini, hapahapa mjini. Ilikuwa miaka ile ya uhaba, dukani hakuna sabuni, hospitalini hakuna dawa. Mgonjwa alipewa karatasi aende akatafute atakapojua. Nilikwenda kwa ajili ya vidonda vya miguu vilivyonisumbua. Kwenye benchi mkabala na dirisha la dawa nilimwona mzee mrefu amekaa wima, mikono magotini.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba." Alinitazama, akanitambua. "Karani wangu!"

Nilikaa kando yake. Aliniambia Zuhura amehamishiwa hapa, mwaka wa pili sasa. Mama Zuhura hajambo, miguu tu. Mangi amefariki, Mungu amrehemu. Nikamwambia, kama wewe ni baba wa mfamasia, mbona umekaa kwenye foleni? Akasema yeye hana foleni. Sikuelewa. Nikaona nisipomwuliza leo sitamwuliza tena.

"Fundi, ile miaka kumi na tisa imebaki mingapi?"

Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. "Haitafika. Niliacha kuandika. Nimekula hasara, mwanangu, tena kubwa. Nikisema vingine nitakuwa kama yule Wakala."

"Unajuta?"

Aligeukia dirishani. Dirisha lilikuwa limefunguliwa.

Zuhura alikuwa mnene sasa, miwani puani, koti jeupe lenye madoa. Nyuma yake rafu zilikuwa tupu. Niliona kuta kupitia rafu. Watu wakainuka wakijua watakaloambiwa. Lakini juu ya meza ndani palikuwa na mizani, sufuria kubwa, na chupa za kila namna zilizooshwa, za soda, za siki, za mafuta. Alikuwa amekesha juma zima, nesi mmoja alitunong'oneza, akichanganya mwenyewe dawa walizoacha kuletewa: ya vidonda, ya upele, ya watoto wanaoharisha. Alimwita kila mtu kwa zamu yake. Mimi nilipewa kikopo cha marhamu na maelezo mafupi. Macho yake yalinipita, alikuwa na watu wengi.

Baada yangu alikuja mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa amelegea, shingo haishiki. Zuhura alitoka nyuma ya dirisha, akamfungua mtoto, akambana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akamnywesha mwenyewe dawa ya kuharisha kwa kijiko, polepole, akitulia kati ya kijiko na kijiko. Ilichukua muda mrefu. Kijiko cha ishirini hivi, mtoto akakunja uso akalia, kilio chembamba cha hasira, na watu wakapumua.

"Hii umpe mpaka jioni," Zuhura alimwambia mama, akimkabidhi chupa ya soda iliyojaa maji meupe. "Akitapika ngoja kidogo, uendelee. Kesho mlete."

Mwanamke akamfunga mtoto kwa kanga, akaishika chupa kwa mikono miwili, akapita mbele yetu kuelekea mlangoni. Njia ilikuwa nyembamba. Fundi akavuta miguu yake chini ya benchi ampishe, na mwanamke akasema, "Ahsante, Babu," bila kumtazama.

Alimfuata kwa macho mpaka akatoka nje juani. Kisha akainuka, akajikung'uta kanzu.

"Unaondoka?" nikamwuliza. "Na dawa yako?"

"Mimi siumwi," alisema. "Huwa nakuja Alhamisi, nakaa." Akanishika mkono tukatoka.